Kutafuta Mababu Waliotoka Ireland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili ambao jambo hili limewaingia nyumbani. Pengine umeolewa Boston kwenye ukoo wa akina Murphy, au watoto wako wana bibi mzaa baba ambaye wazee wake walitoka Cork. Pengine unaishi Dublin, na shemeji aliye Marekani hakupi nafasi ya kupumua mpaka umtafutie kijiji cha babu yake. Ukiwa na haraka, soma majibu mawili ya kwanza. Karibu kila aliyekwama aliyaruka hayo.

Nianzie wapi, Marekani au Ireland?

Anzia alipozikwa, si alipozaliwa. Hilo huwaudhi watu, kwa sababu kila mtu anataka kufungua madaftari ya Ireland siku ile ile. Lakini ukienda kule na jina tupu, John Sullivan kwa mfano, utawapata akina John Sullivan wengi, kila mmoja na mke Mary, na hakuna kitu kitakachokuonyesha wako ni yupi.

Anza na waliopo. Waulize wazee wa ukoo, upige picha kila karatasi iliyomo kwenye Biblia ya familia, kadi za misa za wafu, nyuma za picha na barua zenye stempu. Kisha chukua cheti cha kifo cha yule aliyevuka bahari, cha mkewe, cha ndugu zake na cha watoto wake wote. Usimfuate mtu mmoja peke yake. Mara nyingi babu unayemtafuta aliandikwa kote kuwa mzaliwa wa "Ireland" na basi, ila dada yake aliyefia mtaa wa pili ana tanzia gazetini inayotaja parokia yao kwa jina.

Mama mkwe anasema ukoo umetoka Cork. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote 32 za kisiwa kile. Tena huenda neno hilo lilikuwa na maana nyingine kabisa: meli nyingi zilipakia abiria Queenstown, bandari ya Cork, kwa hiyo mtu wa Kerry au Limerick angeweza kukumbukwa na wajukuu kuwa "alitoka Cork" kwa sababu ndiko alikopandia meli.

Unachotafuta ni kitongoji. Ireland imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vina nyumba chache tu, na ndiyo anwani mkulima aliyoijua. Juu ya kitongoji kuna parokia, na hapa uwe macho, kwa sababu parokia ni za aina mbili: ya Kikatoliki, na ile ya kiserikali inayofuata mipaka ya kale ya Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana. Mipaka hailingani na mara nyingi majina nayo hayalingani. Kisha kuna wilaya ya usajili, ambayo kwa kawaida ina jina la mji wa soko na inaweza kuvuka mpaka wa kaunti. Kwa hiyo mtu wa kitongoji kilichomo kaunti moja anaweza kuwa ameandikishwa chini ya mji ulio kaunti ya jirani. Hakuna aliyekosea. Ndivyo ulivyokuwa mfumo.

Ni nyaraka zipi za Marekani zinazotaja mahali hasa mtu alipotoka?

Sensa za Marekani karibu hazitaji. Zinakupa umri, kazi, majirani, na kuanzia sensa ya 1900 mwaka aliodai kuingia nchini. Ni msaada, lakini kitongoji hukipati humo. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea baada ya moto wa 1921, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

Hati za uraia kabla ya Septemba 1906 nazo ni kavu: mtu anamkana Malkia Victoria, anataja Ireland, anatia alama ya msalaba kama hajui kuandika, basi. Baada ya hapo fomu zilibadilika, zikaanza kuuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli, mke na watoto.

Penye hazina ni kanisani. Padre aliyefungisha ndoa ya wahamiaji wawili alihitaji kujua kama wako huru kuoana, na baadhi yao waliandika kwa makini bibi na bwana harusi wametoka wapi. Katikati ya karne ya 19, mapadre wa Kanisa la Transfiguration katika mtaa wa Mott, New York, waliandika walikotoka waliofunga ndoa pale, na ndiyo sababu tunajua kwamba mtaa wa Five Points ulijaa watu wa Sligo, Cork na Kerry. Si kila padre alikuwa hivyo. Wengine waliandika majina mawili na tarehe wakaenda kulala. Jimbo Kuu la Boston limeruhusu madaftari yake ya zamani kuwekwa mtandaoni kwa kushirikiana na American Ancestors, shirika la utafiti wa koo, na kwa ukoo wa Massachusetts hapo ndipo mahali pa kwanza pa kupita.

Massachusetts ina faida nyingine: jimbo lilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo mwaka 1841, na vyeti vya vifo vya huko kwa kawaida vinataja baba na mama wa marehemu. Liweke hili akilini, kwa sababu vyeti vya vifo vya Ireland vya wakati ule haviwataji wazazi kabisa. Yaani majina ya wazazi wa Mwairishi aliyezaliwa kabla ya usajili kuanza kwao unaweza kuyapata Boston na usiyapate kwao.

Vyanzo viwili zaidi watu huvisahau. Gazeti la Boston Pilot lilichapa, kuanzia 1831 hadi 1921, matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea: fulani wa parokia fulani, kaunti fulani, aliondoka mwaka fulani, mara ya mwisho alionekana akichimba mfereji au kujenga reli mahali fulani, ndugu yake anamtafuta. Hata kama ukoo wako haumo, soma matangazo ya watu wa jina lile. Cha pili ni Emigrant Savings Bank ya New York, iliyofunguliwa 1850. Wateja wengi hawakujua kuandika sahihi, kwa hiyo karani alimhoji kila mmoja maswali ambayo mwizi asingeweza kuyajibu: umezaliwa wapi, wazazi wako ni nani, wako hai, ndugu zako ni akina nani, ulikuja na meli gani. Majibu hayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Kilichoandikwa kwa ajili ya kuzuia wizi wa akiba sasa kinasomeka kama mti wa ukoo.

Na mawe ya makaburi. Waairishi wa kizazi cha Njaa Kuu, ile ya 1845 hadi 1852, walipenda kuchonga kaunti, wakati mwingine hata parokia, kwenye jiwe. Nenda kaburini ukiweza, au omba mtu akupigie picha pande zote za jiwe.

Si ningeangalia tu orodha ya abiria wa Ellis Island?

Angalia, lakini kwanza ujue kituo hicho cha kupokea wahamiaji New York kilifunguliwa lini: 1 Januari 1892. Waliokimbia Njaa Kuu hawakupita pale hata mmoja. Waliofika New York kati ya 1855 na 1890 walipitia Castle Garden, kituo kilichotangulia. Kabla ya hapo walishuka gatini wakaingia mjini. Orodha za abiria zipo tangu 1820, ila za kabla ya 1893 kwa kawaida zina jina, umri, kazi na nchi tu. Kuanzia 1907 ndipo abiria alipoulizwa jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, na hilo ni jambo kubwa ukilipata.

Wengine hawakushukia Marekani kabisa. Nauli ya Canada ilikuwa nafuu, na mwaka 1847 maelfu walipelekwa karantini ya Grosse Île, kwenye mto St. Lawrence, ambako zaidi ya 5,000 walizikwa. Waliopona wengi walishuka kusini kwa miguu au kwa mashua. Kabla ya 1895 mpaka huo haukuwa na orodha ya wavukaji, hivyo usishangae ukikosa meli ya mtu aliyekaa Vermont.

Kuhusu Ellis Island yenyewe kuna kisa ambacho kila anayeanza kazi hii anafaa kukijua. Mtu wa kwanza kupita pale alikuwa msichana wa Cork, Annie Moore, aliyefika kwa meli ya Nevada pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Wazazi walikuwa wameshatangulia New York. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10, na magazeti yakaandika kwamba siku hiyo anatimiza miaka 15. Alikuwa na 17. Kwa miaka mingi ikasimuliwa kwamba baadaye alihamia Texas na kufa mwaka 1923 baada ya kugongwa na tramu, na uzao wa mwanamke huyo wa Texas ukawa unaalikwa kwenye sherehe za kumbukumbu. Jina lilikuwa lile lile. Ila mtafiti Megan Smolenyak alipofuatilia nyaraka za Texas alikuta mwanamke yule alizaliwa Illinois. Hakuwahi kuwa mhamiaji. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba Annie wa Cork hakuondoka New York: aliolewa na Joseph Augustus Schayer, kijana wa asili ya Kijerumani, akaishi upande wa kusini mashariki wa Manhattan, akazaa watoto wengi ambao baadhi walikufa wakiwa wadogo, akafariki 1924 na kuzikwa makaburi ya Calvary, Queens. Sanamu zake zilikuwa zimeshasimama Cobh, ile Queenstown ya zamani, na Ellis Island, na kaburi halikuwa hata na jiwe lenye jina.

Kama kosa hilo limempata mhamiaji maarufu kuliko wote, litakupata na wewe usipomthibitisha mtu wako kwa zaidi ya jina.

Eti maofisa wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina?

Hapana. Orodha iliandikwa na watu wa meli, kule safari ilikoanzia, na ofisa aliisoma tu. Majina yalibadilika kwa sababu makarani waliandika walivyosikia na wenyewe hawakujali. Kwa Waairishi angalia hasa O na Mac: Sullivan na O'Sullivan ni watu wale wale, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa mmoja anayo O na mwingine hana. Mwishoni mwa karne ya 19 familia nyingi za Ireland zilirudisha O iliyokuwa imeachwa, wakati binamu zao wa Marekani walibaki bila.

Nimesikia nyaraka zote za Ireland ziliungua mwaka 1922. Ni kweli?

Nusu ni kweli, na nusu hiyo inauma. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko na moto viliteketeza hifadhi ya nyaraka za umma iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin. Humo zilikuwamo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, ambazo yamebaki mabaki tu. Kulikuwa pia na wosia wa karne nyingi na madaftari ya karibu parokia 1,000 za Kanisa la Ireland, kwa sababu kanisa hilo lilikuwa kanisa rasmi la dola na madaftari yake ya zamani yalihesabiwa kuwa mali ya serikali.

Ila si kila hasara ni ya moto. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe baada ya kuhesabiwa, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa uhaba wa karatasi. Sensa kamili za kwanza zilizopona ni za 1901 na 1911. Ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ireland, na unaweza kuona mpaka mwandiko wa baba mwenye nyumba.

Havikuungua vitabu vya Wakatoliki. Havikuwa mali ya dola, vilikaa parokiani, ndani ya kabati la padre. Wala haukuungua usajili wa vizazi, ndoa na vifo, uliokuwa ofisi nyingine. Kwa ukoo wa Kikatoliki, ambao ndio wengi, hizo ndizo nguzo mbili za kazi nzima. Kuhusu vilivyoungua, tangu 2022 kuna mradi uitwao Virtual Record Treasury of Ireland unaokusanya nakala zilizokuwa zimesambaa kwenye maktaba nyingine na kuziweka wazi kwa wote.

Usajili wa serikali ulianza lini, na nauona wapi?

Ndoa zisizo za Kikatoliki: 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote: 1 Januari 1864. Picha za kurasa zenyewe ziko bure kwenye irishgenealogy.ie, kwa masharti ya muda: kizazi kiwe kimepita miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Hakuna haja ya kumlipa mtu akutolee kitu ambacho serikali ya Ireland inakigawa bure.

Ndani ya vyeti hivyo kuna nini hasa?

Cheti cha kizazi kina tarehe, kitongoji, jina la baba, jina la mama pamoja na la ukoo aliozaliwa, kazi ya baba na mtoa taarifa. Cha ndoa kina majina na kazi za baba wa pande zote mbili, wala hakimtaji mama. Umri humo mara nyingi umeandikwa "mtu mzima" tu. Cha kifo, kama nilivyosema, hakina wazazi. Mwangalie mtoa taarifa: akiwa mwana, binti au mkwe, umepata kiungo.

Utakuta jambo la kuchekesha: mtoto amebatizwa wiki kadhaa kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa. Ubatizo ulifanyika haraka, siku ile au kesho yake, kwa hofu ya kifo. Kwenda kwa msajili kulisubiri mpaka mtu awe na safari ya mjini, na kwa kuwa aliyechelewa alitozwa faini, baba alisogeza tarehe mbele. Katika ugomvi huo amini kanisa.

Madaftari ya Kikatoliki yanarudi nyuma kiasi gani?

Inategemea ulipo. Dublin, Wexford, Waterford na miji mingine ya mashariki unaweza kufika karne ya 18. Magharibi, kama Mayo au Donegal, parokia nyingi zinaanza miaka ya 1830 au hata 1850 na kuendelea. Sababu ni ya kihistoria: sheria za kuwabana Wakatoliki, umaskini, kukosa majengo, na mapadre waliosomea misa vibandani. Kama babu alizaliwa 1822 katika parokia ambayo daftari lake linaanza 1841, ubatizo wake hutauona popote. Tafuta wa mdogo wake.

Maktaba ya Taifa ya Ireland ilipiga filamu madaftari ya parokia zaidi ya 1,000, kwa sehemu kubwa mpaka 1880, na tangu 2015 picha zote ziko bure kwenye registers.nli.ie. Tovuti hiyo haina faharasa ya majina. Ni picha tu, kwa parokia, kwa mwaka, kwa mwezi. Ndiyo maana nilisisitiza parokia kwanza. Faharasa za kulipia zipo RootsIreland, ambayo ni ya vituo vya ukoo vya kaunti, na zimefanywa na watu wanaoyajua majina ya kwao.

Unapopitia picha, tazama pembeni. Wasomaji Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanajua kwamba ukitaka kufunga ndoa unaombwa cheti kipya cha ubatizo, na ndoa ikishafungwa taarifa inarudi parokia ulikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lako. Utaratibu huo ulitiliwa mkazo kwa Kanisa zima mwaka 1908. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa Kerry mwaka 1879 na kuolewa Brooklyn mwaka 1910 anaweza kuwa na mstari mdogo kando ya ubatizo wake: jina la mume, kanisa, tarehe. Ukiupata huo, mnyororo umekamilika bila kubahatisha.

Kimeandikwa Kilatini. Nitasomaje?

Si Kilatini cha vitabuni. Ni sentensi moja inayorudiwa mara elfu kumi. Chukua mstari wa namna hii, niliouunda kwa mfano: "4 Martii bapt. Brigidam f. l. Jacobi Sullivan et Honorae Shea, sp. Michael Shea et Maria Sullivan." Yaani tarehe 4 Machi nimembatiza Bridget, binti halali wa James Sullivan na Honora Shea, wasimamizi Michael Shea na Mary Sullivan. Ukishaujua huo umeujua ukurasa mzima. Shida halisi ni wino uliofifia na mwandiko wa padre mwenye haraka.

Cha kujifunza ni majina. Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Helena ni Ellen, Joanna ni Johanna au Hannah, Eugenius ni Owen. Thaddeus wa daftarini anaweza kuwa Timothy mtaani na Tadhg kwa Kiairishi. Jeremias anaweza kuitwa Darby. Honora huwa Nora, Hanora, Onny na hata Annie. Na Delia wa Boston, aliyefanya kazi za ndani kwa matajiri, mara nyingi alibatizwa Bridget.

Wasimamizi wa ubatizo wana umuhimu gani? Si marafiki tu?

Katika mfano wetu hapo juu msimamizi wa kiume anaitwa Shea, kama mama. Huenda ni mjomba wa mtoto. Mara nyingi wasimamizi walikuwa ndugu wa baba au mama, wakati mwingine jirani. Andika jina la kila msimamizi wa kila mtoto kwenye karatasi moja, kisha rudi Marekani uone nani kati yao anajitokeza: shahidi wa ndoa, mpangaji katika nyumba ile ile, mdhamini wa uraia. Watu hawakuhama mmoja mmoja. Dada alitangulia, akatuma nauli, akaja kaka, akaja binamu, mpaka nusu ya kitongoji iko mtaa mmoja.

Kwa njia hiyo hiyo, ndoa ilifungwa parokiani kwa bibi harusi, na mara nyingi mzaliwa wa kwanza alibatizwa huko kwa wazazi wa mama. Kama umepata watoto sita na ndoa huipati, hama parokia. Tazama Februari: harusi nyingi zilifanywa siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa kuwa wakati wa Kwaresima hazikufungwa.

Halafu kuna mpangilio wa majina. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, wa tatu kwa baba mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Haikuwa sheria, na usijenge mti juu yake. Lakini ukiwa na akina Patrick Kelly wawili na hujui wako ni yupi, majina ya wajukuu yanasema kitu.

Na kama ukoo ulikuwa wa Kiprotestanti?

Basi moto wa 1922 unakuhusu zaidi, lakini usikate tamaa. Baadhi ya wachungaji walikuwa na mahali salama pa kutunzia, wakabaki na madaftari yao, na wengine walinakili kabla ya kuyapeleka Dublin. Ushahidi mzuri ni wa Barack Obama. Kenya yote inaijua Kogelo. Kijiji cha upande wa mama kinaitwa Moneygall, kaunti ya Offaly. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka pale mwaka 1850 akiwa na miaka 19 hivi, akafika New York, akaenda Ohio na baadaye Indiana. Ukimhesabu kutoka kwa Obama kwenda juu yuko kizazi cha tano. Nyaraka za Marekani zilielekeza Moneygall, na mchungaji wa eneo lile, Stephen Neill, akatafuta katika madaftari ya zamani ya Kanisa la Ireland yaliyokuwa yamebaki huko huko, akaikuta familia ya Kearney. Mei 2011 Obama mwenyewe alifika kijijini. Kama yale madaftari yangekuwa yamepelekwa Four Courts, safari hiyo isingekuwapo.

Hata ukoo wa Kikatoliki uchungulie makaburi ya Kanisa la Ireland. Wakatoliki wengi walizikwa kwenye viwanja vya kale vilivyo chini ya kanisa hilo.

Umri wa babu haulingani popote. Mwaka 1901 ana miaka 58, mwaka 1911 ana 72. Ni mtu yule yule?

Yawezekana kabisa. Januari 1909 wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kulipwa pensheni ya serikali. Waliozaliwa kabla ya 1839 hawakuwa na cheti chochote cha serikali, na ghafla Ireland nzima ikazeeka. Wengine hawakudanganya, hawakuwahi kujua umri wao. Ili kuthibitisha, waombaji walitafutiwa majina katika sensa za 1841 na 1851, zilizokuwapo bado, na fomu za upekuzi huo zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa. Kwa familia kadhaa, fomu ya pensheni ndiyo kipande pekee cha sensa kilichosalia.

Sipati "King's County" kwenye ramani.

Ndiyo Offaly ya leo. Queen's County ni Laois, Queenstown ni Cobh, Kingstown ni Dún Laoghaire. Majina yalibadilika karibu na wakati Waingereza walipoondoka.

Babu alizaliwa 1830, hakuna usajili, daftari la kanisa limeanza baadaye. Nimefika mwisho?

Bado kuna ardhi. Uthamini wa Griffith, uliochapishwa kati ya 1847 na 1864, unaorodhesha kila mpangaji na kila mwenye ardhi, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na ramani. Haukupi familia, unakupa jina la mkuu wa kaya tu. Lakini ukikuta jina adimu katika vitongoji viwili vinavyopakana, umeshajua parokia ya kupekua. Kabla yake kuna vitabu vya zaka za miaka ya 1820 na 1830. Vitabu vya marekebisho vilivyofuata Griffith vinaonyesha shamba lilipita mikononi mwa nani, mwaka gani, na mara nyingi jina likifutwa ndio mwaka wa kifo au wa kuhama.

Ireland Kaskazini ni tofauti?

Mpaka 1921 utaratibu ni mmoja. Baada ya hapo vizazi, ndoa na vifo vya kaunti zile sita viko Belfast, ofisi iitwayo GRONI, kwa malipo madogo kwa kila picha. Madaftari ya makanisa, pamoja na ya Wapresbiteri, yatafute PRONI, hifadhi ya nyaraka za umma ya Ireland Kaskazini, pia Belfast.

Je, kipimo cha DNA kitamaliza kazi?

Kitakupa binamu, si kitongoji. Ramani ya rangi inayosema una asilimia kadhaa za Munster, yaani kusini mwa Ireland, ni ya kuonyeshana mezani. Faida iko kwenye orodha ya watu mnaoshabihiana: mmoja akiwa na ukoo uliobaki Ireland na anajua shamba lao, mwandikie kwa adabu.

Nikithibitisha, watoto wangu watapata uraia wa Ireland?

Kama babu au bibi yao alizaliwa katika kisiwa cha Ireland, wanaweza kuomba kuandikishwa katika daftari la waliozaliwa ng'ambo, na vyeti halisi vya vizazi vitatu vitatakiwa. Kama aliyezaliwa kule ni baba wa babu, kwa kawaida njia imefungwa, isipokuwa mzazi wao alikuwa ameshaandikishwa kabla wao hawajazaliwa. Muulize ubalozi, usimuulize wakala wa mitandaoni.

Naweza kumwandikia paroko moja kwa moja?

Unaweza, lakini kwanza angalia kama picha ziko mtandaoni, kwa sababu paroko wa kijijini ana parokia mbili au tatu na hana karani. Ukiandika, usimpe historia ya ukoo kurasa nne. Mpe jina, majina ya wazazi wote wawili, kitongoji, miaka isiyozidi mitano, na swali moja. Tuma sadaka kidogo ya parokia hata kama hajaomba. Madaftari ya baada ya 1880 hadi miaka ya 1900 mara nyingi yako kwake, na kwa watu wa karibu zaidi na leo atakuomba uthibitishe undugu. Barua ya karatasi hujibiwa zaidi kuliko baruapepe, na usiitume Desemba wala Wiki Takatifu.